Kabla ya Kompyuta Palikuwa na Fundi: Historia ya Kuamsha Mashine Kitui na Makueni

Kompyuta ya nyumbani ikikataa kuwaka mjini Wote, Mwingi, Makindu au Kitui, mwenyewe hampigii simu aliyeiunda wala hatafuti kitabu cha maelezo. Mara nyingi kitabu hicho hakikuja, kwa kuwa mashine ilinunuliwa ikiwa mtumba. Huchomoa nyaya, akaifunga vizuri, akaipakia kwenye matatu au bodaboda na kuipeleka kwa fundi. Fundi huyo ana kibanda kinachohudumia pia simu, redio na televisheni, na kabla hajashika bisibisi huuliza maswali. Ilizima yenyewe au ilizimwa? Stima ilipotea ikarudi kwa nguvu? Feni inazunguka? Inatoa mlio wowote? Maswali haya yana umri mkubwa kuliko kompyuta. Hoja ya makala haya ni kwamba ufundi wa kuamsha kompyuta iliyokufa katika kaunti za Kitui na Makueni haukuletwa na kompyuta. Ni hatua ya karibuni katika desturi ya kale ya kutengeneza vitu vya kigeni mbali na vilikoundwa, desturi iliyofinyangwa na mambo matatu: umbali, ukame na uhaba wa stima.

Simulizi iliyozoeleka ni nyingine. Husema kwamba mwaka 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, bei ya intaneti ikashuka, saiba zikafunguliwa hadi miji midogo, na vijana wakajifunza kompyuta wakawa mafundi. Simulizi hiyo ina ukweli kuhusu idadi ya mashine na idadi ya wateja, lakini haielezi ujuzi ulitoka wapi. Kijana aliyeona kompyuta kwa mara ya kwanza hawezi, kwa sababu tu ya kuwapo kwa intaneti, kujua kwamba mashine isiyowaka huanza kuchunguzwa kwenye umeme wake kabla ya programu zake. Mtu aliyemfundisha hilo alikuwa amelijua kwa kutengeneza redio. Jambo hili lina uzito, kwa sababu simulizi ya 2009 huwafanya watu wa Ukambani, nchi ya Wakamba yenye kaunti hizi, waonekane wanafunzi wapya wa teknolojia wasio na chochote mkononi, na mipango inayojengwa juu ya dhana hiyo huanza kila mara kutoka sifuri.

Tuanze na karne ya 19. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu, wakipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, ushanga na waya wa shaba. Mmoja wa wakuu wa misafara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Kivoi aliuawa mwaka 1851 safarini kuelekea mto Tana, na wanahistoria wamemkumbuka zaidi kwa pembe alizouza. Lakini inafaa kuangalia mzigo wa kurudi. Waya uliopanda kutoka pwani haukubaki waya. Mafundi wa Ukambani waliuvuta ukawa mwembamba, wakaukata na kuunganisha pete ndogo kwa pete ndogo mpaka ukawa mkufu laini uliotamaniwa hata na majirani. Mtaalamu wa Kiswidi Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani kuanzia 1910 hadi 1912, aliandika kuhusu kazi za mikono za watu hawa, na mikufu ya namna hiyo ingalipo katika makumbusho ya Ulaya. Funzo lake kwa historia yetu ni wazi: kitu kilichotoka ng'ambo kilipofika Ukambani kilihesabiwa kuwa malighafi, chombo ambacho mwenyeji ana haki ya kukifungua, kukikata na kukipa kazi nyingine.

Reli ilileta darasa la pili. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901. Njia yake ilipita katika nchi ambayo leo ni Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud. Hata kabla ya reli, misheni ya Waskoti iliyonuia kufundisha kazi za mikono pamoja na dini ilifungua kituo Kibwezi mwaka 1891, ingawa mwaka 1898 ilihamia Kikuyu. Injini za mvuke katika nchi kavu zilihitaji maji, kuni na watu wa kuzihudumia, na wengi wa mafundi hao walitoka Punjab. Hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, ni ushahidi kwamba jamii ya mafundi na wafanyakazi wa reli ilitia mizizi pale. Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mafundi Waafrika wa Kenya, alionyesha jinsi ujuzi ulivyotoka katika karakana za Wahindi na kuenea kwa Waafrika waliofanya kazi humo, kwa kutazama, kusaidia, kisha kujaribu wenyewe. Hakukuwa na cheti. Kulikuwa na miaka ya kukaa kando ya mtu anayejua.

Kitui haikupata reli, na tofauti hiyo inaeleza mengi. Makueni ilijifunza kwa kuwa karibu na wenye vyombo. Kitui ilijifunza kwa sababu hapakuwa na aliye karibu. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 30,000, na hata katika sensa ya mwaka 2019 watu wake walikuwa milioni 1.1 tu, wametawanyika kutoka Kyuso kaskazini hadi Mutomo na Ikutha kusini. Lori likiharibika katika nchi ya namna hiyo, kipuri kilikuwa Nairobi, na Nairobi ilikuwa safari. Dereva, utingo na fundi wa kijijini walilazimika kujua ni sehemu gani hasa imekufa kabla ya kumtuma mtu, kwa maana kosa la kuagiza kipuri kisichohitajika lilikuwa kosa la siku nyingi na fedha nyingi. Hapo ndipo utambuzi wa hitilafu ulipopata thamani kubwa kuliko mkono wa kufunga na kufungua. Mahali penye duka la vipuri mlango wa pili, fundi anaweza kubahatisha. Mahali ambapo kipuri husafiri, fundi hulazimika kufikiri.

Kilimo kiliongeza haraka juu ya umbali. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha mwaka 1994 utafiti kuhusu wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992. Walifuatilia miaka ya 1930 hadi 1990 na kuonyesha kwamba watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ulipungua, kwa sababu wakulima walichimba matuta, wakapanda miti na kushika plau ya kukokotwa na ng'ombe. Kazi nyingi ya matuta ilifanywa na mwethya, kikundi cha ujirani cha kusaidiana. Plau inayolima ardhi ya mawe hulika, na katika nchi ambayo mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tegemeo, plau iliyovunjika siku mvua inapoanza inaweza kuwa msimu uliopotea. Mhunzi aliyeweza kuirudisha shambani kesho yake alikuwa analinda chakula cha mwaka mzima. Baiskeli iliyobeba maji na nafaka, na cherehani ya mshonaji sokoni, zilidai uharaka uleule. Kutengeneza hakukuwa pambo la umaskini. Kulikuwa sehemu ya mpango wa kuishi katika ardhi isiyosamehe kuchelewa.

Redio ya transista ndiyo iliyogeuza ufundi wa chuma kuwa ufundi wa umeme. Ilipoenea vijijini karibu na miaka ya uhuru, ilikuja na tabia mpya: hitilafu yake haionekani. Mhunzi huona ufa wa plau, lakini fundi wa redio hutazama kisanduku kimya na lazima akisie kilichokatika ndani. Ndipo ulipojengwa utaratibu ambao mafundi wa kompyuta bado wanaufuata. Kwanza betri: zina nguvu, na vishikizo vyake havijala kutu? Pili njia ya nguvu: waya umekatika, swichi inagusa? Tatu sauti: spika ikiguswa inakwaruza? Nne, badilisha sehemu moja tu kwa sehemu unayojua kuwa ni nzima, usikilize, kisha uende kwenye inayofuata. Palipokosa stima, chuma cha kulehemu kilipashwa moto kwenye jiko la makaa. Redio zilizokufa hazikutupwa. Ziliwekwa nyuma ya kibanda ziwe ghala la vipuri. Kila kipengele cha karakana ya kompyuta ya leo, kuanzia rundo la mashine zilizovuliwa nyama hadi sheria ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kilikuwepo tayari.

Shule zilifuata baadaye, nazo zilijenga juu ya msingi huu. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi waende wapi, na kutokana nayo, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, zikaanza shule za kazi za mikono zilizoitwa vyuo vya ufundi vya vijiji. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya, ikiwataka watawala wauone uchumi wa mafundi wadogo kuwa uchumi halisi badala ya kero ya kufukuzwa barabarani. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi, na mwaka 1992 serikali ikachapisha waraka rasmi wa sera juu ya biashara ndogo na jua kali, yaani mafundi wadogo wa vibandani. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza masomo ya mikono darasani. Hatua zote hizi zilikuwa njema, lakini mpangilio wake wa tarehe unasema jambo moja: dola ilikuwa inatambua kitu kilichokuwa kinafanya kazi kwa vizazi.

Sasa tuje kwenye stima, kwa kuwa ndiyo kiini cha kompyuta isiyowaka. Mwaka 1988 bwawa la Kiambere lilikamilika kwenye mto Tana, mpakani mwa Kitui, likawa mojawapo ya mabwawa yanayolisha gridi ya taifa. Nyaya nene zilielekea Nairobi, na vijiji vingi vya upande wa Kitui vikabaki na taa ya mafuta kwa miaka mingi. Aliyetaka televisheni alitumia betri ya gari na kuibeba mjini ikachajiwe. Mamlaka ya Umeme Vijijini iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na mpango wa kufikisha stima majumbani, ulioanza mwaka 2015, ukaunganisha nyumba nyingi. Hata hivyo stima iliyofika mwisho wa laini ndefu si sawa na ya jijini. Hushuka nguvu jioni kila mtu anapowasha, hukatika upepo ukivuma, na hurudi kwa kishindo. Ukame wenyewe huingia ndani ya mashine: mabwawa yalipokauka, nchi nzima iligawiwa umeme kwa zamu mwaka 2000. Fundi wa Mwingi anayeanza kwa kuuliza habari za stima anauliza swali ambalo historia ya eneo lake imemfundisha kulitanguliza.

Kompyuta nazo zilifika kwa njia iliyodai fundi tangu siku ya kwanza. Chache zilikuwa mpya. Nyingi zilitoka ofisi za Ulaya na Marekani baada ya miaka kadhaa ya kazi, ama zikiuzwa kwa jina la ex-UK, ama zikitolewa msaada. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilikusanya kompyuta zilizotumika, likazikarabati na kuzipeleka shuleni kote nchini. Katika miaka hiyo ya 2000 ushuru wa forodha kwa kompyuta uliondolewa na bei ikapungua. Lakini kizazi hicho cha mashine kilikuwa na maradhi yake. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000, viwanda vingi duniani vilitumia kapasita zenye kimiminika kibovu. Zilivimba vichwa, zikavuja, na bodi kuu ikafa. Mashine zilizoundwa kwa ajili ya Marekani zilikuwa na swichi ndogo nyuma ya pawa saplai, upande mmoja volti 115 na mwingine 230. Aliyeichomeka kwenye volti 240 za Kenya bila kuigeuza alisikia mlipuko mmoja, na mashine ikanyamaza. Hitilafu hizi mbili hazikuhitaji mtaalamu wa programu. Zilihitaji mtu anayejua umeme, mwenye lehemu mkononi, na mtu huyo alikuwepo: fundi wa redio.

Tazama jinsi kazi inavyoendeshwa hadi leo. Kompyuta ya mezani ikikataa kuwaka, fundi huanza nje: soketi, waya, fyuzi ya plagi. Huuchukua waya wa mashine nyingine unaofanya kazi, akaujaribu. Kisha hufungua kasha na kupuliza vumbi, ambalo katika nchi kavu ya Makueni na Kitui hujaa kwenye feni mpaka joto likashindwa kutoka. Hupima pawa saplai kwa mita au huweka nyingine iliyo nzima. Feni ikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, huelekeza masikio yake kwenye milio, kwa sababu tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 mashine hujipima yenyewe inapowashwa na hulia kwa mpangilio maalumu ikikuta kasoro. Hung'oa kadi ya RAM, husugua meno yake kwa kifutio cha penseli kuondoa kutu nyepesi, akairudisha. Hubadilisha betri ndogo ya mviringo ya volti 3 inayotunza saa na mipangilio. Kwa kompyuta ya mapajani huchomoa chaja na betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha akajaribu tena. Diski na programu huja mwisho, baada ya mashine kuthibitika kuwa na uhai. Msomaji mwenye kompyuta iliyokufa anaweza kufuata mpangilio huu mwenyewe mpaka pale pa kufungua pawa saplai. Hiyo asiiguse, kwa kuwa kapasita zake hutunza umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Mwanahistoria makini atapinga. Atasema kwamba kufanana kwa mbinu hakuthibitishi urithi, kwamba mhunzi wa karne ya 19, fundi wa baiskeli na fundi wa kompyuta hawakuwa ukoo mmoja, na kwamba utaratibu wa kuanza na umeme unafundishwa kote duniani. Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake lipimwe kwa uangalifu. Hoja haihusu damu. Kati ya mkufu wa shaba na plau kuna mapengo ambayo hatuwezi kuyajaza kwa majina. Kinachodumu ni mazingira yanayozaa fundi wa aina moja kila kizazi: kitu kutoka mbali, kipuri kilicho mbali, na hasara kubwa kitu kikisimama. Kati ya redio na kompyuta, hata hivyo, mwendelezo ni wa karibu zaidi, kwa sababu unaonekana katika kibanda kimoja, vyombo vilevile, na mara nyingi mikono ileile. Na kama utaratibu huu unapatikana duniani kote, hilo linaimarisha hoja: fundi wa Mtito Andei alifika kwa njia yake mahali ambapo mhandisi wa kiwanda amefika kwa njia ya kitabu.

Pingamizi la pili husema kompyuta ni kitu cha aina nyingine. Redio haina programu, plau haina maandishi, na anayejua kulehemu hawezi kwa hilo tu kurekebisha mfumo uliovurugika. Ni kweli, na tukubali wazi kwamba hapa shule imeongeza kitu ambacho karakana haikuwa nacho. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, Kitui, kilichopata hati mwaka 2013 baada ya kukua kutokana na Ukamba Agricultural Institute iliyojengwa kwa harambee, kinafundisha sayansi ya kompyuta kwa kina ambacho kibanda hakiwezi kukifikia. Lakini angalia swali tulilo nalo. Mashine isiyowaka kabisa haijafika hata kwenye programu. Kosa la kawaida la aliyesoma bila kushika chombo ni kukimbilia kuweka Windows upya katika mashine ambayo tatizo lake ni pawa saplai. Elimu mbili hizi zinahitajiana, na anayeidharau moja hupoteza faida ya nyingine.

Pingamizi la tatu ni la mteja, na ndilo linalouma zaidi. Kuna mafundi wanaobahatisha, wanaovua vipuri vizima na kuweka vibovu, wanaopekua picha na nyaraka za watu, na wanaomaliza kuua mashine iliyokuwa mgonjwa tu. Historia haiwasamehe hawa. Lakini historia inaonyesha pia kwamba desturi ilikuwa na njia ya kuwazuia: fundi wa kijiji alijulikana, mwanafunzi wake alijulikana, na sifa ya uongo ilisafiri kutoka soko hadi soko. Mji ukikua na mteja akiwa mpita njia, kizuizi hicho hulegea, na badala yake inahitajika kitu rasmi. Kenya ina mitihani ya ufundi inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ambapo mtu hupimwa kwa anachoweza kufanya. Tiba ya fundi mbovu ni kumpima fundi. Kuufunga ufundi wote kutawaacha wenye kompyuta za zamani bila msaada na kutawalazimisha kununua mashine wasizoweza kuzilipia.

Pingamizi la nne linatoka kwa watetezi wa mazingira: mtumba ni taka za matajiri zinazohamishiwa kwetu, na fundi anayezipa uhai anachelewesha tu siku ya kuzitupa. Risasi iliyo katika lehemu za zamani na sumu nyingine zilizo katika bodi ni hatari ya kweli kwa udongo na maji ya mito ya msimu. Ila siku inayocheleweshwa ina thamani. Kompyuta inayodumu miaka mitano zaidi ni kompyuta moja ambayo haikuchimbiwa madini mapya. Ulaya yenyewe imegeukia upande huu: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwapa watumiaji haki ya kutengenezewa baadhi ya bidhaa zao, baada ya miaka mingi ya viwanda kugandisha RAM na betri ndani ya kompyuta hata zisiweze kubadilishwa kwa urahisi. Nchini Kenya kituo cha kuchakata taka za umeme cha WEEE Centre kilizaliwa kutoka katika shirika lilelile la Computers for Schools Kenya. Anayejua kufungua mashine ili aiokoe ndiye anayefaa kufundishwa kuifungua ikishafika mwisho wake.

Haya yote yanakutana mahali pamoja katika ardhi ya Makueni. Malili, kando ya barabara ya Mombasa, serikali ilinunua ekari 5,000 kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza, na Rais Kibaki aliuzindua ujenzi wake Januari 2013. Mji huo una kituo cha taifa cha kuhifadhi data. Ukitazamwa kwa jicho la simulizi ya 2009, Konza ni mwanzo wa teknolojia katika nchi iliyokuwa tupu. Ukitazamwa kwa historia tuliyoifuata, umejengwa katikati ya watu ambao kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakifungua vitu vya kigeni na kuvirudisha kazini kwa vyombo vichache. Mradi wa ukubwa huo utahitaji watu wa kutunza mitambo, nyaya, vipozeo na vyanzo vya umeme usiku na mchana. Ni hasara kuwatafuta mbali kabla ya kuwapima walioko Salama, Emali na Sultan Hamud.

Jukumu la kuwafundisha na kuwapima mafundi linajulikana ni la nani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilikabidhi vyuo vya ufundi vya vijiji kwa serikali za kaunti. Kwa hiyo Kitui na Makueni zinaweza, bila kusubiri Nairobi, kuwaalika mafundi wazee wa redio na kompyuta waingie vyuoni wafundishe utambuzi wa hitilafu, kuwagharimia mafundi wa vibandani wafanye mitihani ya serikali, na kurekodi kumbukumbu zao kabla hazijazikwa. Nyaraka za karne iliyopita zimejaa habari za machifu, mashamba na ng'ombe. Kuhusu waliotengeneza vitu zina machache. Wana Ukambani wenye wazazi au babu waliofanya kazi hii wakae nao, wawaulize walijifunza kwa nani, kwa vyombo gani na kwa malipo gani, na waandike majibu. Historia ya ufundi huu itahifadhiwa na watu wake, au haitahifadhiwa.